Paa Lisilo na Nguzo

Mabira, Karagwe
9 Januari 1994

Mdogo wangu Leonadi,

Huku tu wazima. Maharage yamechanua, mama anagombana na kuku wake kama kawaida, na mimi bado ni katibu wa kamati ya ujenzi wa kigango kwa sababu hakuna mwingine anayekubali kutukanwa kila Jumapili. Salamu zimeisha. Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu.

Mchoro wako umefika na gari la misheni. Padri Anastazi aliutandaza mezani, akauwekea vikombe pembeni usijikunje, tukauzunguka. Tulikuomba paa la kanisa, wewe umetuletea nusu ya mpira uliojaa vitone. Fundi Mbonimpa, ambaye huwa haishiwi maneno, alikuna kichwa akasema vipimo anaviona, urefu wa kila bomba anauona, ila nguzo haioni. Mzee Protase akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo mdomoni: hilo paa likishakaa juu ya ukuta, katikati linashikiliwa na nini? Padri akajibu kwamba linajishikilia lenyewe. Tangu siku hiyo kamati nzima hailali vizuri.

Usicheke. Unakumbuka upepo ulivyong'oa mabati ya kanisa la zamani, moja likamkata Placidia mguu. Mpaka leo anachechemea. Watu wa huku wamezaliwa ndani ya misonge yenye nguzo kila upande, na hata hivyo radi ikipiga wanatazama juu. Unataka wakapige magoti chini ya kitu kisicho na nguzo hata moja. Mbele yao nimesema kijana wetu amesoma, anajua anachofanya. Nikiwa peke yangu naogopa, Leonadi. Naogopa kweli.

Halafu kuna suala la mabomba. Tunayo ya aina mbili. Yapo mazito ya ule mradi wa maji uliokufa, na yapo membamba ya kutengenezea vitanda, tuliyonunua Bukoba. Mazito hayatoshi paa zima, na mchoro wako hausemi lipi likae wapi. Tuandikie kwa maneno ya kawaida ili Mbonimpa asome mwenyewe, asinisumbue mimi.

Dada yako,
Kyarimpa


Dar es Salaam
30 Januari 1994

Dada Kyarimpa, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimecheka. Nisamehe. Nimemwona mzee Protase kabisa, na kofia yake, akimtafutia Padri nguzo ndani ya karatasi.

Nikueleze basi, nawe uwaeleze. Ofisini kwetu kuna kompyuta yenye programu ya kuchorea. Unaanza na tufe, yaani mpira mtupu, halafu unapanga nukta juu ya ngozi yake. Kila nukta ni mahali ambapo mabomba yatakutana na Mbonimpa atachomelea. Ugumu wote uko hapo, kujua nukta zikae wapi. Mwanzoni nilizipanga kwa mistari kama ile ya ramani ya dunia iliyokuwa shuleni, inayotoka ncha moja hadi nyingine. Ikawa balaa: kileleni zilibanana kama nzi kwenye kidonda, kiunoni zikaachana mpaka ungeweza kupitisha ng'ombe. Nikafuta zote. Safari ya pili nikapanga miduara sita, mmoja juu ya mwingine, na kila mduara nikausogeza kidogo ili nukta ya juu ikae kati ya mbili za chini. Raha yake ni kwamba unaweka nukta moja tu, unaiambia kompyuta iizungushe kwenye kitovu, nayo inazinakili nyingine kabla hujapepesa macho. Ukiziunganisha unapata pembetatu kila mahali, na pembetatu haipindi kirahisi. Uzito wa juu unashuka kutoka nukta hadi nukta mpaka ukutani. Nguzo ya nini?

Kuhusu mabomba, mwambie Mbonimpa hivi: mduara wa kwanza, wa pili na wa tatu, pamoja na yanayoiunganisha, aweke mazito. Kuanzia wa nne hadi wa sita membamba yanatosha. Akifuata hivyo tu, hata tembo atapanda juu.

Nakuomba jambo moja. Kompyuta ni ya ofisi. Ninaitumia jioni mhandisi wangu akishaondoka, na mchoro huu hajauona. Jina la ofisi lisitajwe huko, wala kwenye hotuba ya uzinduzi. Na woga wako uweke mbali, dada. Mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto hawezi kuogopa bomba.

Mdogo wako,
Leonadi Kakuru


Mabira
6 Machi 1994

Leonadi, mtoto wa mama,

Limesimama. Naandika nikiwa nimekaa nje, nalitazama, na bado siamini.

Mbonimpa alitaka kuanza ukutani na kupanda nalo kwenda juu, ajenge majukwaa ya miti kila mahali. Mzee Protase alimkatiza. Alisema majukwaa ya namna hiyo yatamaliza miti ya kijiji kizima, na tangu lini nyumba ya mviringo ikaanzia chini? Basi tukafanya kama msonge. Mbonimpa alichomelea kilele chini, pale pale sakafuni, kwa jenereta ya misheni. Wanaume wakakiinua kwa miti yenye panda, mduara uliofuata ukaungwa chini yake, wakainua tena, ukaungwa mwingine. Barua yako Mbonimpa alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, kila mduara anaitoa, anaisoma, anairudisha. Huo wa kwanza ulivyokuwa mzito, jasho liliwatoka mpaka midomoni. Baba zetu waliinua paa la nyasi hivyo hivyo, wakiimba, na sisi tumeinua chuma tukiimba. Pombe ya rubisi ilinywewa mpaka mitungi ikageuzwa.

Mwishoni lote likanyanyuliwa na kukalishwa juu ya ukuta. Yale mabomba membamba ya chini yalilia kidogo. Protase akasema yanalia kama kitanda cha maharusi, wanaume wakacheka hadi Padri akajifanya anakohoa. Tangu hapo limetulia.

Kesho kutwa tunaanza kuezeka mabati, tuliyoyakata pembetatu kama ulivyochora. Tunataka Pasaka isaliwe humo. Mama ameingia leo, akasimama katikati kabisa, akatazama juu, akasema ni kama kuwa ndani ya chungu kilichofunikwa. Alisema kwa furaha. Nami naungama, woga umeniisha. Nilikuwa nikiota linaanguka. Siku hizi naota vitu vingine.

Dada yako mwenye kiburi,
Kyarimpa


Dar es Salaam
24 Machi 1994

Dada Kyarimpa, shikamoo.

Hongereni sana. Poleni kwa kazi.

Nina swali dogo la kiufundi tu. Mlipohesabu miduara, wa kwanza mlihesabu upi? Ule wa kileleni, au ule uliokaa ukutani? Naomba unijibu upesi, hata kwa kipande cha karatasi. Na kama hamjaezeka, msiezeke kwanza. Kama mmeshaezeka si neno, ila Pasaka salini nje, hali ya hewa ni nzuri. Wala msining'inize kengele humo.

Usiwatishe watu. Si jambo kubwa. Ninataka tu kuweka kumbukumbu zangu sawa.

Namkabidhi barua hii Renatha, binti wa kijiji cha Chonyonyo anayerudi nyumbani, ifike haraka kuliko ya posta.

Leonadi


Mabira
3 Mei 1994

Leonadi,

Binti wako wa haraka aliugua njiani akakaa Bukoba mwezi mzima. Barua imenifikia juzi. Pasaka tulishasali ndani, watu walijaa mpaka mlangoni, na hakuna kilichotuangukia ila ubani.

Sasa mwenye woga ni wewe? Nilicheka kidogo, nikasema leo zamu imebadilika. Ninakujibu: tulihesabu kuanzia kileleni. Wa kwanza ni wa kileleni, sasa upi tena? Ndio unaotangulia kujengwa. Ungetaka tuhesabu kuanzia ukutani, nyumba nzima ikiwa bado haipo? Kumbukumbu zako ziweke sawa hivyo.

Baada ya hapo sina kicheko. Umesikia redio. Ng'ambo ya mto moshi ulionekana siku nyingi, tukajidanganya kuwa wanachoma mashamba. Siku hizi hatuteki maji ya mto, na sababu sitaiandika. Watu wanavuka. Nimempa uji mwanamke mmoja, anaitwa Mukamusoni, amembeba mtoto wa kike mgongoni, Therese. Alikishika kikombe mpaka uji ukapoa, hakuunywa, akampa mtoto. Nilimwambia aje alale kwangu. Alinitazama mikono, si usoni. Akakataa. Hawataki kutenganishwa. Wote walivuka pamoja na wanataka kulala pamoja, hawaingii nyumba ya mtu wasiyemjua, na siwalaumu.

Mvua ni ya kila siku. Padri amewafungulia kanisa, maana ndiyo nyumba pekee inayowatosha wote. Wamelala humo juma zima sasa, na wengine wanaendelea kuja. Kwa mara ya kwanza namshukuru Mungu kwa nusu mpira wako. Ungewaona walivyotulia mvua ikipiga bati, ungejua umefanya kitu duniani.

Mama anakusalimu. Siku hizi hali chakula vizuri, anasema kinamkwama.

Kyarimpa


TELEGRAMU
Dar es Salaam, 14 Mei 1994
Kwa: Kyarimpa, kwa Padri Anastazi, Mabira, kupitia Kayanga

TOENI WATU WOTE KANISANI LEO HII. PAA SI SALAMA. WEKENI NGUZO ZA MITI. BARUA INAFUATA. LEONADI.


Dar es Salaam
14 Mei 1994

Dada,

Ninaandika haraka, utavumilia mwandiko.

Paa mmelijenga kichwa chini miguu juu, na kosa ni langu. Kwenye kompyuta sifuri iko sakafuni. Mimi huanza kuhesabu pale, napanda. Mduara wa kwanza kwangu ni ule wa ukutani, unaobeba mingine yote. Nilisahau nyumba zetu zinavyojengwa. Nimezaliwa ndani ya msonge, nimemwona baba akisuka kilele kwenye nyasi za uani, na nikasahau. Mchoro ungeweza kuwaambia, lakini namba za miduara niliziandika kwenye barua tu, mchoroni sikuziweka. Sasa mabomba mazito yako juu, yote, na yanaelemea yale ya vitanda. Kulia kwake mlikosikia siku ile ndiko kunakonikosesha usingizi.

Nilijua mwezi wa tatu. Uliposema mmeanza na kilele nilishaona kosa liko wapi, na bado nikakuandikia kuhusu kumbukumbu na kengele. Nilimwogopa mhandisi. Niliogopa kufukuzwa kazi kwa kutumia kompyuta ya watu, nikajiambia labda hamkuhesabu hivyo, labda mtajibu vingine. Barua yako imefika leo asubuhi. Niliposoma kuwa watu wamelala humo nilikwenda moja kwa moja mezani kwake, nikamwonyesha mchoro. Hakufoka. Aliketi, akabadilisha unene wa mabomba kwenye kompyuta kama mlivyoyaweka ninyi, akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kuna watu humo ndani. Nikasema ndiyo. Akanipa fedha za telegramu kutoka mfukoni mwake na kuniambia nisirudi kazini mpaka aniite.

Watoeni, dada. Hata kama mvua inanyesha. Wewe mwenyewe usiingie.

Leonadi


Mabira
22 Mei 1994

Leonadi,

Telegramu ilifika Jumanne kwa mwendesha baiskeli, imelowa. Padri aliisoma, akanipa, akakaa kwenye ngazi. Barua yako bado sijaiona, kwa hiyo sijui tumekosea wapi, najua tu uliyoandika kwa herufi kubwa.

Nikuambie tulivyowatoa. Sijamwambia mtu mwingine namna ninavyojisikia.

Uliandika tuweke nguzo. Nikawaita wanaume wakate miti, wakaja mbio na mapanga yao, wengine na miti begani, tukaenda kanisani wote kwa pamoja. Mvua ilikuwa kubwa. Nilisukuma mlango, wanaume wakiwa nyuma yangu, nikapaza sauti ili wanisikie: tokeni nje, wote, haraka.

Leonadi, walivyotutazama. Mama mmoja alianza kuwavua watoto nguo, sijui kwa nini, labda wasichafuke. Wengine walirudi nyuma, wakajibana katikati, pale pale chini ya kilele, wakawafunika watoto kwa miili yao. Kisha mlango ukasukumwa kutoka ndani ukafungwa, na nikasikia mabenchi yakiburutwa. Ndipo nikageuka nikawaona wanaume wetu kwa macho ya watu wale. Huko walikotoka walikimbilia makanisani, na waliokuja kuwaua walikuja mlangoni hivyo hivyo, na mapanga.

Mbonimpa alijaribu kuwaelezea kwa lugha yao habari ya paa na mabomba. Mlango haukufunguliwa. Nilikuwa nikisikia bati likipigwa na mvua, na kila mara nilidhani ndilo paa linashuka. Nikawaza, watakufa kwa kutuogopa sisi. Hapo ndipo akili ilinijia. Niliwaambia wanaume waweke mapanga yote chini na waende zao, waonekane dirishani wakienda. Walibisha, nikawafokea kama mbwa. Walipoondoka niliyabeba yale mapanga, mengi, yakinikata kwenye kanga, nikayapitisha dirishani moja baada ya jingine, mpini ukitangulia. Nikamwita Mukamusoni kwa jina. Nikamwambia chukueni haya, kisha mnifungulie niingie peke yangu.

Walifungua. Niliingia, nikasimama katikati yao, kila mwanamke ana panga mkononi. Nikanyoosha kidole juu nikasema: paa hili tumelijenga vibaya, ni letu, mdogo wangu ndiye alichora, linaweza kuanguka. Mukamusoni akaniuliza, wewe huogopi kusimama hapa na sisi? Nikamjibu naogopa sana. Nadhani ndilo jibu lililowatoa. Walitoka pamoja, polepole, wameshika mapanga, wakasimama kwenye mvua.

Mbonimpa alipanda ukutani baadaye. Bomba moja la chini limepinda kama upinde. Amesema hathubutu kuweka nguzo, maana ukisukuma sehemu moja hujui nyingine itafanya nini. Hagusi mpaka aliyechora aje. Padri amefunga mlango, ufunguo ninao mimi.

Sasa nisikilize vizuri. Paa halijaanguka. Mvua kubwa mbili zimepita na halijaanguka. Watu wako nje, chini ya majani ya migomba na maturubai machache ya misheni. Wengine wamekubali kuingia majikoni kwetu, lakini Mukamusoni na wenzake wengi hawakubali. Usiku ni baridi. Therese anakohoa. Kila asubuhi wanakuja kuutazama ufunguo shingoni mwangu, kisha wanarudi chini ya majani yao. Jana Mukamusoni alisema: ndani kulikuwa kukavu. Hayo tu.

Kwa hiyo niambie kwa uhakika, wewe uliyesoma. Litaanguka au halitaanguka? Kama hujui, nitawarudisha.

Kyarimpa


Dar es Salaam
4 Juni 1994

Dada Kyarimpa, shikamoo.

Barua yako nimeipata jana. Siwezi kukudanganya tena. Sijui.

Nilikwenda nyumbani kwa mhandisi, nikamsomea. Alinirudisha ofisini, tukawasha kompyuta pamoja. Tumezipanga nukta zote upya, tumeziwekea uzito wa bati, wa mabomba, wa maji ya mvua. Kila nukta inajua inachobeba. Lakini kompyuta haijui bomba lile limepinda kiasi gani, wala kuchomelea kwa Mbonimpa kukoje, wala upepo wa Mabira. Mhandisi alisema linaweza kukaa hivyo miaka, na linaweza kushuka mtu akipiga chafya. Nilimbana. Nilimwambia dada yangu anataka jibu moja tu. Akanijibu kwamba yeye asingelala humo, wala asingemlaza mtoto wake.

Usiwarudishe. Ninajua ninachokuomba. Ninaomba ubaki na ufunguo huo shingoni wakati mimi nimekaa mahali pakavu. Kila ninapofumba macho naona zile nukta zinazunguka kwenye kitovu, na chini yake kuna watu. Halafu naona uwanja, mvua, na wewe umesimama na ufunguo. Sijui ipi naiogopa zaidi.

Ninakuja. Napanda treni ya Jumatatu kwenda Mwanza, kisha meli hadi Bukoba. Nitaleta jeki mbili za kuinulia ambazo mhandisi ameniazima, na mchoro wa kulishusha kipande kipande. Leo napiga telegramu ukae ukijua. Mwambie Mbonimpa asiguse. Mwambie Mukamusoni, kama atakusikiliza, kuwa naja kulirekebisha ili walale pakavu.

Leonadi


Mabira
8 Juni 1994

Leonadi,

Telegramu yako imefika, kwamba uko njiani. Barua hii naipeleka Bukoba na gari la misheni, uikute kwa masista kabla hujapanda gari la huku. Sitaki uambiwe na konda.

Barua yako ya maelezo, ile ya mwezi wa tano, ilifika mwishowe. Nimeielewa. Nilimsomea Protase, akavua kofia, akasema basi kosa ni lake, yeye ndiye aliyetaka tuanzie kileleni. Mbonimpa naye akasema ni lake. Waache wagombanie. Mimi sina nguvu za kugombania.

Sikulingoja jibu lako na sikuwarudisha pia. Ndivyo ilivyokuwa. Siku nne baada ya kukuandikia, kikohozi cha Therese kiligeuka homa, kifua kikawa kinavuma. Mukamusoni alinijia na mtoto mikononi, si mgongoni. Hakuniomba dawa, dawa alikuwa amepewa na masista wa misheni. Aliniomba mlango. Alisema atalala karibu na ukuta tu, siyo katikati, yeye na mtoto, wakati wa mvua peke yake. Nilimwomba aje kwangu, kitandani kwangu, nikapiga magoti. Alisema nyumbani kwa watu hawezi, akijaribu miguu inakataa. Kanisani anaweza, kwa sababu aliwahi kulala humo na akaamka.

Nilikuwa na ufunguo mkononi, Leonadi. Niliuingiza kwenye kufuli. Nikatazama juu, nikaliona lile bomba lililopinda kupitia upenyo wa dirisha, na nikakumbuka herufi zako kubwa. Nikautoa. Nikamwambia hapana. Nilimfunika yeye na mtoto kwa blanketi langu na turubai, nikakaa nao nje mvua ikituchapa mpaka ilipokatika.

Therese tulimzika Jumamosi, juu ya shamba letu la kahawa, karibu na baba. Mama alimshonea kigauni. Mukamusoni hajanilaumu. Angenilaumu ningejua la kufanya.

Na paa limesimama. Mvua zimekwisha, jua limewaka, ndege wamejenga juu yake. Watu wakipita wanaliangalia, halafu wananiangalia mimi. Padri ananiambia nilifanya ilivyopasa, na mhandisi wako nadhani atasema hivyo hivyo, na wewe utasema. Mnaweza kuwa mnasema kweli.

Nimesoma kwenye telegramu kuwa unaleta jeki uliinue na kulirekebisha. Usilirekebishe. Njoo ulibomoe, na uje upesi, maana kila asubuhi nikifungua mlango wa nyumba kitu cha kwanza ninachotazama ni lile paa, na Mungu anisamehe, Leonadi, huwa naomba nikute limeanguka.

Dada yako,
Kyarimpa